Mto Hawkesbury, Rufiji na balozi wa nyumba kumi

Zamu za usiku zilinibana, ndiyo maana niliadimika. Leo naleta historia kidogo ya huku Sydney, kwani wenzetu wengi wanahamia vitongoji vya magharibi, na baadhi yao hawaujui mto Hawkesbury.

Zamani bonde la mto huo lilikuwa ghala la chakula la koloni. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Wadharug, walioujua mto kwa maelfu ya miaka kabla ya Waingereza. Mwaka 1806 na 1809 ukafurika, nafaka ikasombwa. Basi mwaka 1810 Gavana Lachlan Macquarie akachagua sehemu tano za mwinuko na kuanzisha miji: Windsor, Richmond, Pitt Town, Wilberforce na Castlereagh. Mkulima wa bondeni apewe kiwanja huko juu, ahifadhi nafaka na mifugo. Yaani kimbilio liwepo kabla maji hayajaja.

Je, walihama? Wengi hawakuhama. Rutuba iko bondeni, nani alale mbali na shamba lake? Wazee wetu wa Rufiji wanaielewa sana hoja hiyo. Baada ya mafuriko ya 1968, mwaka 1969 serikali iliwahamishia vijiji vya ujamaa huko juu, lakini msimu wa kilimo ulipofika watu walirudi bondeni wakalala kwenye madungu yao.

Juni 1867 Hawkesbury ukapanda hadi mita 19.7 pale Windsor. Ukoo wa Eather peke yake ulipoteza watu 12, akina mama na watoto.

Mwaka 1955 ikawa zamu ya Maitland, bonde la Hunter. Baada ya msiba ule jimbo la New South Wales likaunda SES, kikosi cha watu wa kujitolea. Ila hata kikosi kina mwisho wake. Tarehe 28 Februari 2022 maji yalizidi mita 14 mjini Lismore, juu ya rekodi zote za huko. Simu za kuomba msaada zikawa nyingi kuliko waokoaji, majirani wakaokoana kwa viboti vyao vya kuvulia. Gazeti la Waaborijini, Koori Mail, ambalo jengo lake nalo lilifurika, likageuka kituo cha chakula, nguo na huduma za afya. Kwa nini watu walikimbilia pale? Kwa sababu walikuwa wanaaminiana tangu zamani. Saruji peke yake haiokoi mtu.

Sisi tulikuwa na balozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960. Alikuwa wa chama, sawa, na alikuwa na kasoro zake. Lakini alijua nani mgonjwa na nani mgeni.

Hapa Sydney nani anajua? Mimi ni muuguzi: insulini inataka friji, na friji inataka umeme. Anayesafishwa figo hawezi kusubiri barabara ifunguliwe wiki ijayo. Mama aliyefika juzi hasomi tahadhari za Kiingereza.

Kwa hiyo tuchague ukumbi, kanisa au msikiti ulio juu. Tuandike nani ana gari, nani anatumia dawa gani, nani atamtafsiria nani. Namba ya SES ni 132 500, na hatari ya maisha ni 000. Ibandikeni ukutani leo.

Mtaani kwenu balozi ni nani? Kama hayupo, labda ni wewe.

Alamsiki.