Magobole 100 ya Kapteni Kirk

Mashabiki wa Star Trek wanabishana kwa mambo mengi, mengine ya kipuuzi kabisa. Lakini kuna kipindi kimoja wanachobishania tangu 1968 na mpaka leo hawajaelewana. Kinaitwa "A Private Little War", na kilionyeshwa Marekani na televisheni ya NBC tarehe 2 Februari 1968. Siku tatu kabla yake, tarehe 30 Januari, jeshi la Vietnam ya Kaskazini na wapiganaji wa Viet Cong walikuwa wameanzisha mashambulizi ya Tet kwenye miji zaidi ya 100 ya Vietnam ya Kusini, hadi ndani ya uzio wa ubalozi wa Marekani mjini Saigon. Basi mtu aliyewasha televisheni wiki ile aliona vita kwenye habari, halafu akaiona tena kwenye hadithi ya anga za juu.

Hadithi yenyewe ni hii. Kapteni James Kirk anarudi kwenye sayari aliyoitembelea miaka 13 nyuma. Enzi hizo watu wa milimani na watu wa kijijini walikuwa na pinde na mishale tu, wanaishi kwa amani. Sasa wanakijiji wana magobole na wanawavizia watu wa milimani. Kumbe Waklingon, maadui wa upande wa Kirk, wanawapa silaha kwa siri, tena kidogo kidogo: leo gobole, kesho mtutu ulio bora zaidi, ili ionekane kwamba wanakijiji wamevumbua wenyewe. Huo ujanja wa kidogo kidogo ndio ulionifanya nikirudie kipindi mara ya pili.

Kirk ana rafiki huko milimani, Tyree, mtu asiyetaka kuua. Kirk anaamua: kama kijiji kina magobole, na milima ipewe magobole hayo hayo, si zaidi wala si pungufu. Anaita usawa wa nguvu. Daktari McCoy anamkatalia kwa hasira. Kirk anamkumbusha vita vya karne ya 20 huko Asia, ambako mataifa mawili makubwa yalisimama nyuma ya wapiganaji wadogo. Kila Mmarekani alijua anasema nini. Mwishoni mke wa Tyree, Nona, anauawa na wanakijiji, na Tyree yule mpole anadai bunduki nyingi. Kirk anamwagiza fundi wake Scotty atengeneze 100, halafu anaondoka na huzuni yake.

Sasa ubishi. Kundi moja la mashabiki linasema kipindi kinaitetea serikali ya Marekani: vita ni vibaya, lakini tufanyeje, adui ndiye aliyeanza. Kundi lingine linasema hapana, tazama uso wa Kirk mwishoni, yule si mtu aliyeshinda. Mwanazuoni H. Bruce Franklin, aliyewahi kutumikia jeshi la anga la Marekani kisha akawa mpinzani wa vita vya Vietnam, aliona kwamba tamthilia ilibadilika pamoja na nchi: vipindi vya mwanzo vinakubali vita kwa shingo upande, vya baadaye vinataka viishe. Mimi nakubaliana naye, na kuna ushahidi mwingine. Mwaka huo huo wa 1968 waandishi wa hadithi za kisayansi walilipia matangazo mawili kwenye jarida la Galaxy. Upande mmoja majina ya wanaotaka Marekani ibaki Vietnam, upande mwingine majina ya wanaopinga. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek na mmoja wa waliokiandika kipindi hiki, jina lake liko kwa wanaopinga. Yaani aliyeandika hadithi ya kugawa bunduki alikuwa hataki vita. Ndiyo maana kipindi kinayumba hivi.

Nilikionyesha kwa majirani hapa kambini, nikitafsiri kwa sauti. Sisi wengine tulitoka Kivu Kusini mwaka 1996, hatuhitaji kuambiwa Waklingon ni akina nani. Vijana waligawanyika kama Wamarekani wenyewe. Mmoja alisema Kirk kafanya vizuri, kwa sababu mwenye mishale mbele ya mwenye bunduki anamalizwa tu. Ni hoja nzito, na wanaomcheka hawajawahi kuwa upande wa mishale. Mwingine alisema kwa nini asiwafukuze Waklingon na kukusanya yale magobole. Nami najiuliza hivyo hivyo. Kirk ana meli yenye nguvu za kutisha, lakini anachoweza kufikiria ni kuongeza bunduki.

Mama mmoja hakushughulika na Kirk wala Waklingon. Aliuliza, "Watoto wa hawa watu wako wapi?" Tukarudisha nyuma, tukatafuta. Hakuna. Hakuna anayekimbia, hakuna aliyebeba godoro kichwani, hakuna mto wa kuvuka. Katika ubishi wote wa mashabiki niliowahi kuusoma, swali hilo sijalikuta. Wanapima huzuni ya Kirk, wanapima hasira ya McCoy. Nona naye wanamlaumu kwa tamaa ya silaha, wakati yeye peke yake ndiye aliyekwishaona kwamba mishale haitoshi.

Tamthilia ile ilifungwa mwaka 1969 bila kurudi kwenye sayari hiyo. Magobole 100 yalifika au hayakufika, nani alikimbilia wapi, tamthilia haikusema. Anayetaka kukiona kipindi anitafute jioni, ni kama dakika 50, na tafsiri nitafanya mwenyewe.