Barua zilizokatwa kwa wembe

Msikilizaji, nyumbani kwetu kulikuwa na barua moja ambayo bibi yangu aliitunza ndani ya kopo la biskuti. Ilitoka kwa mjomba, aliyekuwa akitumikia kifungo cha miaka miwili. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa barua pale nyumbani, na kila nilipofika mstari wa nne ilinibidi ninyamaze, kwa kuwa mstari huo ulikuwa umepakwa wino mweusi. Bibi akiniuliza, "Hapo anasemaje?" nami namjibu sijui. Alidhani namficha habari ya msiba. Mjomba alipotoka tulimwuliza pale aliandika nini. Akafikiri kidogo, akasema aliandika kwamba jino linamwuma na hajapewa dawa.

Nimeikumbuka barua ile juma hili, nilipokuwa nikisoma tena habari za wafungwa wa siasa wa Afrika Kusini enzi za makaburu. Wale hawakuishia kunung'unika. Walikwenda mahakamani kudai wasome, na huko walishindwa. Kushindwa kwao ndiko ninakotaka kukuzungumzia leo.

Nelson Mandela na wenzake walipofikishwa kisiwa cha Robben mwaka 1964, waliwekwa daraja la D, la chini kabisa. Mfungwa wa daraja hilo aliruhusiwa barua moja tu kila miezi sita, isiyozidi maneno 500, tena kwa jamaa wa karibu. Barua zilizoingia zilisomwa kwanza na askari. Hapo mwanzo askari walifuta wasiyoyapenda kwa wino. Wafungwa wakagundua kwamba wino ule ukioshwa, maneno ya chini yanaonekana. Basi askari wakaacha wino, wakashika wembe. Sasa fikiria: karatasi imeandikwa pande zote mbili. Ukiukata mstari wa mbele usioutaka, umeukata na wa nyuma usio na kosa lolote. Mtu aliyengoja nusu mwaka apate salamu za mkewe aliletewa karatasi yenye madirisha.

Magazeti yalikuwa marufuku kabisa. Mandela amesimulia jinsi alivyoliona gazeti lililosahauliwa na askari juu ya benchi, akalichukua, akanaswa akilisoma. Adhabu yake ilikuwa siku tatu za upweke na kunyimwa chakula, kwa ajili ya karatasi ambayo mimi na wewe kesho yake asubuhi tunafungiwa vitumbua!

Vitabu navyo vilipimwa kwa jina la jalada. Kwa maelezo ya Mandela, kitabu chenye neno "nyekundu" hakikupita, hata kama ni ile hadithi ya watoto ya kibinti mwenye kofia nyekundu, na kile cha H. G. Wells kuhusu viumbe wa sayari nyingine kilikataliwa kwa sababu jina lake lina neno "vita". Lakini wafungwa nao hawakulala. Mmoja wao aliyekuwa akisomea uchumi kwa njia ya posta aliomba aletewe jarida la The Economist. Askari, kwa kuona jina lile, wakadhani ni kitabu cha shule. Kwa muda kisiwa kikapata habari za dunia nzima, mpaka wakubwa walipostuka.

Tuje kwenye kesi yenyewe. Miongoni mwa waliohukumiwa maisha pamoja na Mandela alikuwamo Denis Goldberg. Yeye alikuwa Mzungu, kwa hiyo hakupelekwa kisiwani bali alibakizwa gereza la Pretoria, maana ubaguzi ulifuata watu hadi jela. Mnamo miaka ya mwisho ya 1970, yeye na wafungwa wenzake wa siasa wa pale Pretoria walimshtaki Waziri wa Magereza, wakitaka waruhusiwe kupata habari za yanayotokea ulimwenguni. Shauri lao likafika Mahakama ya Rufani, na limo katika ripoti za sheria za mwaka 1979.

Jibu la serikali lilikuwa fupi: kusoma gazeti ni fadhila, si haki, na mkuu wa magereza humpa amtakaye na kumnyima amtakaye. Majaji walio wengi wakakubaliana na serikali. Jaji Michael Corbett akakataa. Alirudi nyuma hadi mwaka 1912, kwenye maneno ya Jaji James Innes katika shauri la mahabusu wawili, kwamba mtu akiingia jela hubaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo sheria imemwondolea. Corbett akauliza, kwa maana, ni sheria ipi basi iliyosema mfungwa wa miaka mingi asijue lolote la dunia? Kumfungia mtu habari mwaka baada ya mwaka ni kumwongezea mateso ambayo hayakutajwa na hakimu aliyemhukumu.

Nakuomba utue hapo kidogo, kwani mzizi wa jambo ni huo. Kitu kikiitwa fadhila, anayekunyima hawajibiki kukueleza kwa nini. Kikiitwa haki, yeye ndiye wa kutoa sababu. Wala sisemi barua za wafungwa zisifunguliwe. Mkuu wa gereza asiyetazama kama barua ina mpango wa kutoroka, au vitisho kwa shahidi, huyo hafai kazi yake. Lakini kwa nini jino la mjomba lifutwe? Nani angetoroka kwa jino? Lilifutwa kwa sababu lilisema kwamba ndani mle kuna mgonjwa na hakuna dawa, na aliyelifuta hakuwa na wa kumwuliza.

Tena tusijidanganye kwamba hayo ni ya makaburu peke yao. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa kijikaratasi alichokiita "Kenya: Twendapi?", na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Ngũgĩ wa Thiong'o, alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya nzima juu ya karatasi za namna hiyo hiyo.

Mwaka 1980 wafungwa wa siasa wa Robben waliruhusiwa hatimaye kununua magazeti, nayo yaliwafikia yakiwa yamekatwakatwa kwa mkasi. Goldberg alitoka mwaka 1985, baada ya miaka 22. Hukumu ya Corbett, iliyokuwa ya wachache, ikabaki vitabuni. Mwaka 1988 mwanaharakati mmoja, Willem Hofmeyr, aliwekwa kizuizini chini ya sheria za hali ya hatari, akanyimwa mazoezi, redio na vitu vya kusoma. Alipoachiwa akashtaki. Mwaka 1993 mahakama ile ile ya rufani ikampa ushindi, na safari hii majaji wakafuata maneno ya Corbett, wakayaacha ya wale waliomshinda mwanzo.

Wakati huo Corbett mwenyewe alikuwa Jaji Mkuu. Tarehe 10 Mei 1994, mjini Pretoria, ni yeye aliyemwapisha Mandela kuwa Rais.

Katiba ya nchi hiyo iliyotungwa mwaka 1996 inasema, katika kifungu cha 35, kwamba kila mtu aliyefungwa apewe kwa gharama ya serikali malazi ya kutosha, chakula, vitu vya kusoma na matibabu. Vitu vya kusoma vimepangwa pale, baina ya chakula na dawa.