Mtutu wa Bunduki Ukweni: Kipande cha Chuma cha Kighare na Sisi wa Unguja



Tumezoea kuzungumza ya singo, ya udi na ya mahari. Leo tuzungumze chuma. Chukulia wewe ni bi harusi wa Unguja, umeolewa Kighare, huko Usangi katika milima ya Upare, kwa Waislamu wenzetu. Mama mkwe anakutembeza nyumbani, na nyuma ya mlango unaona mtutu wa bunduki umeegemezwa, hauna kitako wala mtambo, kutu tupu. Shemeji anasema ni wa Mjerumani. Ami yake anasema ni wa Mwarabu. Mwengine anasema babu aliupata vitani. Nani mkweli?

Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Adabu hiyo inafaa hata hapa.

Kwanza, tahadhari

Bunduki za zamani za kushindilia huweza kuwa bado zina baruti ndani. Usiuchokonoe, usiupeleke karibu na moto, na watoto wakae mbali. Tena silaha zina sheria yake Tanzania, ya mwaka 2015, kwa hiyo wenye nyumba wawaulize polisi mapema. Na usiusugue kwa msasa! Alama ndogo zilizogongwa kwenye chuma ndizo ushahidi wenyewe. Kitambaa laini na tone la mafuta ya cherehani yanatosha.

Chuma kinasomwaje?

Angalia upande wa nyuma. Ukiwa umezibwa kwa skrubu nene, na pembeni pana kitundu kidogo cha kupitishia moto, huo ni mtutu wa bunduki ya kushindilia, iliyojazwa kwa mbele kwa mdeki. Ukiwa wazi pande zote mbili, ni wa bunduki ya kujaza nyuma, ya zama za baadaye.

Kisha pima tundu na uhesabu mifereji inayozunguka ndani. Bunduki ya Enfield ya 1853, ya Waingereza, ina tundu la karibu milimita 14.7 na mifereji mitatu, na mtutu wake una urefu wa karibu mita moja. Mauser ya 1871, ya Wajerumani, ina milimita 11 na mifereji minne. Lee-Enfield ya vita vya 1914 ina milimita 7.7 na kwa kawaida mifereji mitano. Tundu likiwa laini kabisa, huenda ni bunduki ya biashara, au ni gobole lililotengenezwa na fundi wa hapa hapa kwa bomba la chuma. Upare hapakukosa mafundi: Washana wa Ugweno, jirani wa Usangi, walisifika kwa uhunzi tangu kale.

Mulika tochi kwa ubavu utafute alama. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni za Liège, Ubelgiji. Taji na fimbo mbili zilizopishana ni za Birmingham, Uingereza. Lakini usikimbilie kuamini alama moja, maana bunduki za biashara ziliwahi kutiwa alama za kuigiza ili ziuzike. Alama, kipimo na mifereji vikubaliane.

Ulifikaje mlimani?

Ukiwa wa Mauser, kuna maelezo ya karibu. Vita vilipoanza 1914, askari wengi wa Mjerumani bado walibeba bunduki ya 1871, ambayo moshi wake uliwafichua kila walipopiga. Mei 1916 jeshi la Jenerali Smuts liliwasukuma kusini kufuata reli ya Tanga, chini ya milima hiyohiyo ya Upare.

Ukiwa wa kushindilia, dada yangu, hadithi inarudi kwetu. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kujaza nyuma, zile kuukuu ziliuzwa rahisi, na Unguja ilikuwa soko lake kubwa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 ziliingia bara kwa mwaka. Mwaka 1890 mkataba wa Brussels ukaja kuizuia biashara hiyo. Misafara ya Pangani ilipita bondeni chini ya Upare ikielekea Kilimanjaro. Ilipandisha nguo, shanga na bunduki, ikateremsha pembe za ndovu na watu. Baada ya Kimweri wa Usambara kufariki 1862, ufalme wake ulivunjika kwa vita, na mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia hiyo, alijiimarisha kwa bunduki na kwa kuuza mateka.

Miongoni mwa mateka wa zama hizo walikuwamo wanawake na watoto wengi. Soko la Mkunazini lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sayyid Barghash, lakini utumwa wenyewe haukufutwa Unguja mpaka 1897. Bibi zetu wangapi waliletwa kwa njia hii, wakasilimu, wakazaa, na kwao kukasahauliwa kwa haya? Huenda wewe bi harusi hukwenda ugenini. Huenda umerudi.

Kwa hiyo usitosheke na hadithi za vita. Kaa na mama mkwe na bibi wa nyumba, uliza kwa adabu: nani aliuleta, na nani wa ukoo huu alichukuliwa asirudi? Andika majibu kwenye daftari pamoja na vipimo na picha, na lisilojulikana uliandike kuwa halijulikani. Hiyo nayo ni amana, na wanao wataihitaji.

Allah awarehemu waliotutangulia, wanaojulikana na wasiojulikana. Aamin.