Iskandaria: Mnara, Madrasa na Tuhuma ya Maktaba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, vijana wetu wengi hufika Misri kwa masomo au kwa biashara. Wengi wao huishia Cairo, wakayatazama mapiramidi, kisha wakarejea makwao. Ni wachache wanaofika Iskandaria, bandari ya kale iliyo kwenye Bahari ya Mediterania. Katika makala hii tutawatajia sehemu za kuzuru katika mji huo, na tutasimama kidogo kwenye jambo moja ambalo kila Mwislamu atakayefika huko ataulizwa: Je, ni kweli kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliamuru maktaba ya Iskandaria ichomwe moto?

Mji huu uliasisiwa mwaka 331 kabla ya Miladi na Iskandar wa Makedonia. Waislamu waliupata chini ya uongozi wa Amr bin al-Aas (R.A.). Mkataba ulifungwa mwaka 641 M, na jeshi likaingia mjini mwaka 642 M. Muda huo uliopita baina ya mkataba na kuingia tunaomba msomaji auhifadhi, kwani tutauhitaji huko mbele.

Cha kwanza cha kuzuru ni Ngome ya Qaitbay, iliyo ukingoni mwa bahari. Sultani al-Ashraf Qaitbay aliijenga baina ya mwaka 1477 na 1479 M, mahali palipokuwa pamesimama mnara maarufu wa taa, uliohesabiwa na watu wa kale kuwa ni miongoni mwa maajabu saba ya dunia. Mnara huo haukubomolewa na Waislamu, bali waliutumia na kuusalia. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyefika mwaka 578 H (1183 M), alikuta juu yake pana msikiti, akapanda na kusali humo. Kilichouangusha ni matetemeko ya ardhi, na kubwa lao ni la mwaka 1303 M. Ibn Battuta alipopita mwaka 1326 M alikuta upande wake mmoja umebomoka. Aliporudi mwaka 1349 M alikuta hauingiliki tena. Baina ya safari hizo mbili ndipo alipofika kwetu, Mombasa na Kilwa, mnamo mwaka 1331 M.

Ibn Jubayr huyo huyo ametuachia somo la fiqhi kutoka kwenye forodha ya Iskandaria. Anasimulia kwamba mahujaji waliposhuka merikebuni walipekuliwa mizigo yao, wakatozwa zaka ya walichonacho bila ya kuulizwa kama mali ile imetimiza mwaka au haijatimiza. Kila mwanafunzi wa madrasa anajua kwamba zaka ya fedha na ya biashara haiwajibiki mpaka ipite haul. Msafiri huyu hakunyamaza kwa kuwa watawala ni Waislamu wenzake. Aliandika alichokiona, na papo hapo akausifu mji kwa madrasa zake, hospitali yake na mikate waliyogawiwa wageni wa Maghrib kila siku. Huo ndio uadilifu wa mwandishi wa historia: jema alitaje, na baya alitaje.

Kutoka ngomeni si mbali kufika msikiti wa Abul Abbas al-Mursi, aliyefariki mwaka 686 H (1287 M). Asili yake ni Murcia ya Andalusia, naye ndiye aliyemrithi Sheikh Abul Hasan ash-Shadhili. Jengo linaloonekana leo ni la karne ya 20, na msanifu wake ni Mario Rossi, Mtaliano aliyesilimu. Jirani yake upo msikiti wa Imamu al-Busiri, mtunzi wa Burda. Watu wa pwani yetu wana nasaba na majirani hawa wawili. Burda inasomwa katika majlisi zetu, na twarika ya Shadhiliyya ilienea Visiwani Ngazija, Zanzibar na Kilwa, hasa kwa juhudi za Sheikh Muhammad Maaruf aliyefariki mwaka 1905 M. Anayeingia misikiti hiyo aanze kwa rakaa mbili za tahiyyatul masjid, kisha awatolee salamu waliomo makaburini na kuwaombea. Ama suala la kufunga safari kwa ajili ya kaburi, wanazuoni wamehitilafiana, na hapa si mahali pake.

Wako pia mashekhe ambao waongozaji wa watalii hawawataji. Abu Bakr at-Turtushi, Mmaliki kutoka Tortosa, mwenye kitabu cha Sirajul Muluk, alifundisha hapo mpaka alipofariki mwaka 520 H (1126 M). Hafidh Abu Tahir as-Silafi, Mshafii kutoka Isfahan, aliingia mwaka 511 H na kubakia zaidi ya miaka 60 akisomesha hadithi, hadi alipofariki mwaka 576 H. Sultani Salahuddin mwenyewe alikaa mbele yake kusikiliza hadithi. Zingatia kwamba wawili hawa walisomesha Sunna hapo wakati Misri ikiwa bado chini ya Mafatimi.

Sasa twende Amud as-Sawari, nguzo ya jiwe yenye urefu wa mita 27 hivi. Wazungu waliiita Nguzo ya Pompey, na jina hilo limebaki vitabuni, ilhali nguzo yenyewe ilisimamishwa kwa heshima ya Kaisari Diocletian, zaidi ya miaka 300 baada ya Pompey kuuawa. Hapo ndipo lilipokuwa hekalu la Serapis, lililokuwa na vitabu vyake, na ambalo lilivunjwa mwaka 391 M, miaka 250 kabla ya kufika Waislamu.

Nguzo hii ndiyo chanzo cha tuhuma tuliyoitaja. Tabibu Abdul Latif al-Baghdadi (aliyefariki 629 H) alipoieleza aliongeza maneno machache kwamba hapo palikuwa na hazina ya vitabu iliyochomwa na Amr kwa idhini ya Umar. Baadaye Ibn al-Qifti (aliyefariki 646 H) akakirefusha kisa: kwamba Yahya an-Nahwi aliviomba vitabu kwa Amr, Amr akamwandikia Khalifa, na jibu likaja vichomwe. Vikagawiwa kwenye hamamu za mji, vikawa kuni kwa muda wa miezi sita.

Na tukipime kisa hiki kwa mizani ya elimu yetu. Kwanza ni sanad. Baina ya tukio na msimulizi ipo miaka zaidi ya 500 na hakuna mpokezi. Ibn Abdil Hakam, al-Baladhuri na at-Tabari waliandika habari za ufunguzi wa Misri kwa urefu, na hawakulitaja. Hata Wakristo hawakulitaja: si Yohana wa Nikiu aliyeishi karne hiyo hiyo, wala Said bin Batriq, patriaki wa Iskandaria, na hawa hawakuwa na sababu ya kutusitiri.

Pili ni matini. Yahya an-Nahwi alikufa zaidi ya nusu karne kabla ya Amr kuingia mjini, basi ni nani aliyeomba vitabu? Tatu ni hesabu. Hamamu zinazotajwa katika habari za ufunguzi ni 4,000. Kwa siku 180, na vitabu 700,000, ambayo ndiyo hesabu ya juu kabisa ya watu wa kale, kila hamamu ingepata chini ya kitabu kimoja kwa siku. Tukisema idadi ya hamamu imetiwa chumvi, tukaishusha hadi 400, hamamu moja itapata vitabu kumi kwa siku. Vitabu kumi havichemshi maji ya hamamu siku nzima. Nne, mkataba uliwapa Warumi miezi kumi na moja ya kuondoka na mali zao kwa bahari. Aliyekuwa na kitabu cha thamani alikuwa na nafasi ya kukichukua. Na tano, kisa kinachofanana na hiki kimesimuliwa pia juu ya vitabu vya Uajemi, jambo linaloonyesha kuwa ni hadithi iliyohamishwa kutoka nchi hadi nchi. Mwingereza Alfred Butler alikichambua mwaka 1902 M naye akakikataa.

Lakini, ndugu msomaji, tusifurahi tukasahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba waliokiandika kisa hiki ni wenzetu, kwa Kiarabu, na Wazungu walikichukua kutoka kwetu. La pili ni kwamba mizani hii haina upande. Katika mji huo huo uko msikiti wa Nabii Danieli. Wapo wanaosema Nabii huyo amezikwa hapo, na wapo wanaosema ni kaburi la Iskandar mwenyewe. Kauli zote mbili hazina ushahidi. Anayeikataa habari ya Ibn al-Qifti kwa kukosa sanad, kisha akaikubali ya kaburi kwa kuwa inampendeza, huyo hakufuata elimu, amefuata matamanio yake. Amri ya kuhakikisha habari iliyomo katika aya ya 6 ya Suratul Hujurat haikubagua baina ya habari tunayoipenda na tunayoichukia.

Mwishoni mtembezi afike kwenye Maktaba mpya ya Iskandaria, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2002 M kando ya bahari. Ukuta wake wa nje umechongwa herufi za maandishi ya mataifa mengi. Akiulizwa hapo na mgeni mwenzake juu ya Sayyidna Umar (R.A.), asikasirike wala asinyamaze. Amtajie miaka, amtajie walioandika na walionyamaza, kisha amwachie apime mwenyewe.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.