Mbegu Bora ya Muhogo: Inatoka Wapi, na Mbona Bado Inaugua?

Kila msimu wa kupanda unapokaribia, simu ya studio hujaa ujumbe wa aina moja: "Mlisema mbegu hii haiugui, mbona nimevuna mihogo imeoza ndani?" Swali ni la haki. Mtu amelima, amepalilia, shamba limesimama vizuri, halafu siku ya kung'oa anakata muhogo na kukuta mabaka ya kahawia, makavu na magumu. Haupikiki, makopa yake hayauziki, na nyumbani walikuwa wanautegemea. Hewani muda hautoshi, ndiyo maana tunajibu hapa kwa kirefu.

Magonjwa yanayotusumbua zaidi ni mawili, yote ya virusi. Batobato hukunja majani na kuyatia mabaka ya njano; hata mpita njia huliona. Michirizi kahawia ni mjanja zaidi. Majani ya chini hupata unjano kandokando ya mishipa, shina changa hupata michirizi, lakini hasara yenyewe imejificha ardhini. Yote mawili huenezwa na inzi weupe wanaokaa chini ya jani. Huenezwa pia na sisi wenyewe, tunapobeba pingili kutoka shamba moja kwenda jingine bila kuzikagua.

Kazi ya kutafuta mbegu inayohimili magonjwa haya ilianza hapa hapa kwetu, katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Mwaka 1936 mtafiti H. H. Storey aliandika kwa mara ya kwanza kuhusu michirizi kahawia. Yeye na wenzake walichukua muhogo wakauchanganya na ndugu yake, mti wa mpira. Wasikilizaji wa Tanga na Pwani mnaujua, ndio unaotupa kisamvu cha mpira. Asili yake ni Brazili, na Wajerumani waliupanda mashambani kwa ajili ya utomvu. Mti huo una nguvu dhidi ya virusi, ila mizizi yake si chakula. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa alichanganywa tena na muhogo, mjukuu vivyo hivyo, kisha kitukuu, hadi ikapatikana mihogo ya kula yenye sehemu ya nguvu ile.

Uzao mmoja wa Amani ndio unaoitwa Namikonga kusini mwa Tanzania, na Kaleso pwani ya Kenya. Kituoni ulikuwa na namba tu. Majina waliupa wakulima, na sisi tunaona hiyo ni sifa kuliko cheti chochote. Uzao mwingine ulipelekwa Nigeria, na kuanzia miaka ya 1970 watafiti wa Ibadan waliutumia kuzalisha mbegu zinazohimili batobato, ambazo zimesambaa nchi nyingi za Afrika.

Namna ya kuchanganya haijabadilika sana. Shina moja la muhogo huwa na maua ya kike na ya kiume. Mtafiti hulifunika ua la kike kwa kifuko kabla halijafunguka, kisha hulipaka chavua ya aina nyingine. Tunda hutoa mbegu tatu tu, na kila mbegu huota na tabia yake, kama watoto wa tumbo moja. Katika maelfu ya miche hiyo, inayobaki mwishoni ni michache mno. Hupandwa, huachwa iumwe, huvunwa, hupimwa tena sehemu mbalimbali na kwa wakulima wenyewe. Miaka minane hadi kumi hupita kabla mbegu haijaidhinishwa. Hata ikishaidhinishwa, shina moja hutoa pingili kama kumi tu kwa mwaka, wakati gunzi moja la mahindi hutoa punje mamia. Ndiyo maana mnaisikia redioni leo na kijijini inafika baada ya misimu kadhaa.

Kuna la ladha pia. Mbegu inaweza kuzaa sana lakini ikawa chungu, au ikakataa kuiva, au unga wake usishike ugali. Akina mama huiacha, na wana haki. Mtafiti asiyeonja anapoteza miaka yake kumi.

Sasa jibu la swali. Nyingi kati ya mbegu zinazoitwa bora *huhimili* michirizi kahawia, si kwamba haziugui kabisa. Virusi vinaweza kuingia, mmea ukaendelea kuzaa, na mihogo mingi ikabaki mizima. Lakini ukirudia kupanda pingili za mashina yaliyoambukizwa, msimu baada ya msimu, mavuno hushuka. Sisi watangazaji tulikosea kusema "haiugui", na tumeacha.

Kwa hiyo mashina ya mbegu yachague shamba likiwa bado na majani. Yafunge kitambaa yale yasiyo na batobato juu wala unjano chini. Siku ya kuvuna, kata mihogo ya kila shina ulilolifunga. Ukiona kahawia ndani, shina hilo usilipande wala usimpe jirani. Pingili chukua sehemu ya katikati ya shina lililokomaa, zenye macho matano hadi saba. Ukinunua, muulize muuzaji kama shamba lake limekaguliwa na TOSCI, na mwombe akuonyeshe karatasi.