Kuusikiliza ubongo: kutoka Jena hadi Kilifi

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha, nawaletea historia. Mashine ilianzaje kusoma ubongo?

Mwaka 1924, mjini Jena, Ujerumani, daktari Hans Berger alinasa umeme wa ubongo wa binadamu. Alichapisha matokeo yake mwaka 1929. Tatizo la tangu siku hizo ni udogo wa umeme wenyewe. Juu ya ngozi ya kichwa tunapima kwa sehemu za milioni moja ya volti, tena umefunikwa na kelele za misuli, kupepesa macho na nyaya za ukutani.

Sisi wa Amu kelele tunaijua. Simama gatini, boti za Mokowe zinanguruma, na mtu anakuita kwa sauti ndogo. Utamsikiaje? Njia ya kwanza ni kuchuja: ondoa mngurumo mzito, bakisha sauti ya mtu. Ya pili, mwambie arudie. Ukirekodi mara 100 kisha ukatafuta wastani, kelele isiyo na mpangilio hupungua hadi sehemu moja ya kumi, na sauti yake hubaki vilevile.

Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo. Jacques Vidal wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, aliipa fani hii jina mwaka 1973. Mwaka 1988 Farwell na Donchin walimulika herufi kwenye skrini kwa zamu. Herufi unayoingoja ikimulikwa, ubongo hutoa wimbi baada ya takriban milisekunde 300, na wastani hulifichua. Mwaka 1999 Niels Birbaumer na wenzake walieleza jinsi wagonjwa wawili waliopooza karibu mwili mzima walivyoandika kwa ubongo tu.

Msidhani ni mambo ya ughaibuni peke yake. Shukeni pwani hii hii hadi Kilifi. Huko, miaka ya 1990, Jane Crawley na wenzake waliwawekea elektrodi kichwani watoto waliopoteza fahamu kwa malaria. Baadhi yao walionekana wametulia, labda jicho linachezacheza tu au pumzi haiendi sawa. Mawimbi yalisema vingine: degedege ilikuwa inaendelea ndani kwa ndani, nayo inahitaji dawa.

Kwangu mimi hizi ni habari moja. Mwili umenyamaza, ubongo unaita, na hesabu ndiyo sikio. Wiki ijayo, inshallah, tutaandika kichujio chetu wenyewe.