Siri ya biashara imo katika jumbe zisizosomwa

KILA kampuni humu nchini, iwe kubwa au ndogo, huhifadhi habari za aina mbili. Aina ya kwanza ni zile zilizopangwa katika majedwali: jina la mteja, nambari ya akaunti, tarehe ya malipo na kiasi kilicholipwa. Tarakilishi huzijumlisha na kuzilinganisha kwa muda mfupi mno kwa kuwa kila kitu kina safu yake. Aina ya pili haina safu. Hizi ni barua, mikataba, barua pepe, ripoti za mafundi, picha, simu zilizorekodiwa na jumbe fupi ambazo wateja hutuma kwa rununu. Wataalamu huiita data isiyo na mpangilio.

Jina hilo linapotosha kidogo, maana barua ya mteja ina mpangilio wake: ina salamu, ina kisa na ina ombi. Kinachokosekana ni safu ambazo mashine inaweza kuzihesabu. Aghalabu husemwa kwamba data ya namna hii ni asilimia 80 ya habari zote za kampuni. Kiwango hicho kimerudiwa mara nyingi kuliko kilivyothibitishwa, na mfanyabiashara hana haja nacho. Atazame tu sanduku lake la barua pepe.

Tuchukue mfano wa kampuni inayouza mitambo ya sola kwa mkopo, ambapo mnunuzi hulipa kidogo kidogo kwa simu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, malipo ya aina hiyo yamekuwa rahisi kufuatilia. Jedwali litaonyesha kwamba mteja fulani aliacha kulipa mwezi wa saba, na afisa wa mikopo atamwandika kuwa mdaiwa sugu. Lakini katika simu ya idara ya huduma mna jumbe tatu alizotuma mwezi wa sita, akilalamika kwamba betri haishiki chaji. Jedwali lilieleza kilichotokea, ilhali sababu ilibaki katika jumbe.

Kampuni isiyounganisha mambo hayo mawili itamwandama mtu kwa deni, kumbe ingembadilishia betri na kuendelea kulipwa. Isitoshe, ikiwa wateja wengi wanalalamikia betri za shehena moja, kampuni inaweza kumdai aliyeiuzia betri hizo, mradi tu iweze kuonyesha ushahidi wenye tarehe.

Hatua ya kwanza ya kuunganisha ni ya bei nafuu. Kila ujumbe, barua au ripoti ya fundi itiwe nambari ya akaunti ya mteja, tarehe na jina la aliyeipokea, siku ile ile inapoingia. Kufanya hivyo kwa ujumbe mmoja huchukua sekunde chache, ilhali kwa jumbe za miaka mitatu ni kazi ya miezi, na nyingine hazitajulikana kamwe zilimhusu nani. Wakurugenzi wengi huiruka hatua hii na kukimbilia kununua programu ghali. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Kizingiti kikubwa zaidi ni lugha. Programu nyingi za kutafuta maneno ziliundwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho kwa kawaida hubadilisha neno mwishoni. Kiswahili hulibadilisha mwanzoni pia. Anayetafuta “imekufa” hatapata “zilikufa” wala “ikifa”. Fauka ya hayo, wateja hawatumii maneno ya kiwandani. Mmoja ataandika “betri imekufa”, wa pili “chaji haikai”, wa tatu “stima inaisha saa mbili” na wa nne atachanganya Sheng na lugha ya mama. Meneja anayehesabu neno “betri” pekee ataona lalamiko moja badala ya manne, na ataripoti kwa wakubwa wake kwamba mambo ni shwari.

Dawa yake ni kazi ya mikono kwanza. Wafanyakazi wanaoijua lugha ya wateja wasome jumbe mia kadhaa, waunde orodha fupi ya aina za malalamiko, kisha chini ya kila aina waandike maneno ambayo wateja wenyewe huyatumia. Ni vyema watu wawili wazisome jumbe zile zile kila mmoja kivyake, halafu walinganishe. Panapotokea tofauti, si lazima mmoja awe mzembe. Huenda orodha yenyewe haieleweki.

Kenya ina mfano mashuhuri wa kazi ya namna hii, ingawa si wa kibiashara. Mnamo Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walikuwa miongoni mwa walioanzisha tovuti ya Ushahidi. Ilikusanya ripoti za wananchi, ikazigawa kwa aina ya tukio na kuzionyesha kwenye ramani. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 2010, programu hiyo ilitumika huko, na wajitolea wenye asili ya Haiti waliokuwa ng’ambo wakatafsiri jumbe zilizoandikwa kwa Kikrioli. Mashine ilihifadhi na kuchora. Waliojua lugha na mitaa ndio waliotoa maana.

Tangu mwishoni mwa 2022, programu za akili unde zinazoweza kusoma na kufupisha maandishi zimeenea. Zinapunguza kazi kwa kiasi kikubwa, lakini zinaweza pia kutaja jambo ambalo halimo katika barua iliyosomwa. Zile jumbe mia kadhaa zilizopangwa na binadamu ndizo kipimo chake: programu ipewe jumbe hizo hizo, na majibu yake yalinganishwe na ya wafanyakazi kabla ya kuaminiwa na maelfu mengine. Kila muhtasari pia uwe na nambari ya barua asilia ili anayetilia shaka aweze kurejea.

Kuna upande wa sheria, nao si wa kupuuzwa. Sauti, picha na jumbe za mteja ni habari zake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Habari zilizokusanywa kwa shughuli moja hazifai kutumiwa kwa nyingine isiyolingana nayo, wala kuwekwa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho cha chini. Mnamo Septemba 2023 afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja Sh1.85 milioni kwa kutumia picha ya mteja bila ruhusa yake.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamtaka mlipaji kodi ahifadhi rekodi zake kwa miaka mitano. Kwa hivyo ankara na simu iliyorekodiwa haziwezi kukaa chini ya kanuni moja. Kila aina ya stakabadhi inahitaji tarehe yake ya kufutwa, na afisa anayetajwa kwa cheo atakayetia sahihi kwamba imefutwa. Mikataba iliyo na kesi mahakamani isiguswe mpaka kesi iamuliwe.